Mwenye Pikipiki Naye Ashike Spana

Pikipiki nyingi unazoziona asubuhi kwenye njia panda ya Karavia, hapa Lubumbashi, si mali ya vijana waliozikalia. Ni za mwalimu, za muuguzi, za mama anayeuza unga sokoni, za mtu aliyecheza likelemba, mchezo wa kuchangiana hela, miezi kadhaa hadi zamu yake ikafika, akanunua TVS au Boxer na kumkabidhi kijana. Kijana huyo, manseba, huleta versement, yaani hela waliyopatana, kila jioni, kwa kawaida siku sita kwa juma, na siku ya saba pato ni lake. Mimi ni mmoja wa wenye pikipiki hao. Ninazo mbili. Nimefundisha hesabu sekondari mpaka nikastaafu, na ninaandika leo kwa sababu mpango huu wa versement, tulioupokea sote bila kuuhoji, ndio unaoua mashine zetu, na mara nyingine unaua watu wanaozipanda.

Utazame vizuri. Siku sita pikipiki inamtumikia tajiri, yaani mwenye pikipiki, siku ya saba inamtumikia dereva. Hakuna siku ambayo inasimama. Tajiri anaiona usiku, gizani, wakati wa kupokea hela, na anachohesabu ni noti. Dereva anaijua vizuri kuliko mtu yeyote, anasikia kila mlio mpya, lakini akiutaja anaambiwa ni yeye aliyeiharibu, au kwamba anatafuta kisingizio cha kupunguza versement. Basi ananyamaza. Mlio unaongezeka, naye anaongeza gesi ili asiusikie. Baada ya miaka miwili enjini inatoa moshi wa buluu, watu wanasema pikipiki za siku hizi hazidumu, na likelemba nyingine inaanza.

Nakataa kwamba hazidumu. Pikipiki ndogo ya silinda moja inayopozwa kwa upepo ni mashine ngumu, imetengenezwa kwa ajili ya njia kama zetu na kwa watu wa mifuko kama yetu. Inaomba vitu vichache, na karibu vyote vinaweza kufanyika uani kwako, juu ya gunia lililotandikwa, kwa spana za 8, 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, bisibisi mbili, beseni kuukuu na vitambaa. Kinachokosekana ni mtu anayejua kwamba kazi hiyo ni yake.

Nimelelewa na mtu aliyejua. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo katika karakana kuu za Gécamines kule Panda, Likasi. Alikuta desturi iliyoachwa na Union Minière kabla kampuni haijataifishwa mwaka 1967: kila mashine ina fishi yake, na fishi hiyo inasema lini ilitiwa mafuta, lini mkanda ulibadilishwa, nani aliigusa na aliona nini. Pampu ilisimamishwa ikiwa nzima, kwa tarehe iliyopangwa, ikafunguliwa, ikatazamwa, ikafungwa. Baba alikuwa miongoni mwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines mwaka 2003, katika ule mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Alirudi nyumbani na spana zake na tabia ya fishi. Baiskeli yetu ilikuwa na fishi. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa na fishi. Pikipiki zangu zinazo pia, kila moja na daftari lake la shule, na nitaeleza baadaye linaandikwa nini.

Nianze na mafuta ya enjini, maana hapo ndipo pikipiki nyingi za versement zinapofia.

Gari dogo hubeba lita tatu za mafuta au zaidi. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hubeba lita moja tu hivi, na lita hiyo moja inafanya kazi tatu: inalainisha pistoni na silinda, inalainisha gia, na inaogesha klachi, kwa sababu klachi ya pikipiki hizi imezama ndani ya mafuta yale yale. Ndiyo maana mafuta ya gari hayafai. Mengi yana dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukiyatia, klachi itaanza kuteleza: unaongeza gesi, enjini inalia, pikipiki haipandi. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama ya kipimo cha Wajapani kwa mafuta ya pikipiki za aina hii. Uzito utakaoukuta zaidi madukani kwetu ni 20W-50, na kwa joto la Oktoba la Katanga unafaa, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho.

Je, yabadilishwe lini? Manseba anayefanya kazi kati ya Karavia, mjini na Katuba anaweza kupita kilomita 100 kwa siku kwa urahisi. Kwa mwendo huo, kilomita 2,000 ni siku 20. Vitabu vya baadhi ya pikipiki vinaruhusu zaidi ya hapo, lakini vinamfikiria mtu anayekwenda kazini na kurudi, wala havimfikirii kijana aliyebeba abiria wawili na gunia la makaa, gia ya pili, vumbini, kutwa nzima. Mimi nimeweka kilomita 2,000, na dereva haombi ruhusa. Kilomita zikitimia, mafuta yanabadilishwa, kwa hela yangu.

Namna ya kubadilisha ni hii. Washa enjini dakika tatu au nne ili mafuta yapate joto kidogo na yabebe uchafu wote uliotulia chini. Zima. Weka pikipiki kwenye stendi ya katikati, mahali tambarare, beseni chini yake. Fungua kifuniko cha juu cha mafuta kwanza ili hewa ipite, kisha boliti ya chini, kwa spana ya pete inayokaa sawasawa, kamwe usitumie koleo. Acha yatiririke mpaka yawe matone, na usiwe na haraka hapo. Halafu chovya kidole katika mafuta yaliyotoka na uyasugue kati ya kidole na gumba, ukiyaelekeza kwenye jua. Yakiwa meusi tu, ni sawa, yamefanya kazi yake. Yakimetameta kama yana unga wa fedha, kuna chuma kinachosagika ndani, mwite fundi kabla hujatia mapya. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Osha mikono yako kwa sabuni mara moja, mafuta yaliyotumika hayafai kukaa kwenye ngozi.

Boliti ya chini irudishwe na washa yake, uifunge kwa mkono mpaka ishike, kisha spana umalizie kwa nguvu ya kiasi. Sehemu ya chini ya enjini ni ya alumini. Kijana mwenye misuli akiikaza kama anafunga gurudumu la lori, nyuzi zinakatika, na boliti ya bei ya mkate inakuwa gharama ya kuchonga upya. Tia mafuta mapya, washa dakika moja, zima, subiri, pima. Kwenye nyingi ya pikipiki hizi kijiti cha kupimia hakikazwi wakati wa kupima, kinakalishwa tu kwenye tundu lake. Mafuta yafike kati ya alama mbili, na yasipite ile ya juu.

Mambo mawili zaidi kuhusu mafuta. Chupa ikiisha, itoboe kwa msumari. Kuna watu wanaookota chupa tupu za majina makubwa, wanazijaza mafuta yaliyochujwa na kuzirudisha sokoni, na chupa yako isitumike kumwibia mwenzako. Na mafuta machafu usiyamwage mferejini. Hapa Karavia maji ya mvua yanajua njia ya kwenda ziwani na mtoni, na kuna watoto wanaovua samaki kule. Mimi nayakusanya kwenye bidoni, ikijaa naipeleka karakana inayopokea mafuta machafu.

Baada ya mafuta, vumbi. Kuanzia Mei mpaka Oktoba mji huu unakaa miezi karibu sita bila mvua. Ukiacha lami na kuingia mitaa ya ndani, ardhi nyekundu inapanda mpaka juu ya paa, na malori ya madini yanayokwenda Kasumbalesa yanaongeza yake. Pikipiki inapumua hewa hiyo. Ndani ya vumbi kuna chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha silinda, zikipita kwenye kichujio zinasugua ringi za pistoni kwa kila mzunguko, na mizunguko ni maelfu kwa dakika moja. Huo moshi wa buluu niliotaja mwanzoni mara nyingi ulizaliwa hapo, katika kichujio cha bei ndogo ambacho hakuna aliyekifungua.

Fungua kifuniko cha pembeni, utakiona kichujio. Kikiwa cha sifongo, kioshe kwa maji ya sabuni au mafuta taa, kikamue kwa kukiminya bila kukisokota, kikauke kivulini, kisha kitie matone ya mafuta ya enjini na ukiminye tena mpaka kiwe na unyevu sawasawa. Sifongo kavu haishiki vumbi. Kikiwa cha karatasi, hakioshwi: kigongegonge taratibu, kipulizwe kwa pampu kutoka ndani kwenda nje, na kikishakuwa cheusi kinunuliwe kipya. Wakati wa kiangazi ninakagua kila juma. Kuna madereva wanaokitoa kabisa wakisema moto, yaani pikipiki, inakuwa nyepesi. Ni kweli kwa siku chache inaonekana nyepesi, na katika siku hizo hizo silinda inaliwa.

Hapa naomba mnisikilize hata ninyi msio na pikipiki. Usipulize kichujio kwa mdomo, na usikung'ute kichujio mbele ya watoto. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, wakiongozwa na Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha vipimo vya watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Walikuta kobalti nyingi mno katika mkojo wao, hasa wa watoto. Vumbi letu si udongo mtupu. Funga kitambaa puani, fanya kazi hiyo upande ambao upepo unaondoka, na osha mikono kabla ya kula. Sheria nyingine isiyojadiliwa uani kwangu: kazi yoyote inayogusa esansi, yaani petroli, inafanyika mbali na mbabula. Jiko la makaa linapikia maharage saa nzima, na mvuke wa esansi unatambaa chini chini mpaka ulipo moto.

Plagi itakuambia kama kichujio na kabureta viko sawa. Itoe enjini ikiwa imepoa. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, shukuru. Ikiwa nyeusi na kavu, esansi ni nyingi kuliko hewa, anza kwa kutazama kichujio. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, ringi zimechoka. Ikiwa nyeupe, enjini inaungua kwa joto, usiendelee. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani huchoma esansi nyingi kidogo hapa. Fundi mzuri anajua kuirekebisha. Asiyejua atakuuzia plagi mpya kila mwezi.

Cheni sasa. Nina neno na wenye pikipiki wanaopaka cheni mafuta machafu yaliyotoka kwenye enjini. Mafuta hayo yamejaa chembe za chuma na masizi, unaisugua cheni kwa kitu kinachoila. Isafishe kwa mafuta taa na brashi kuukuu, ikaushe kwa kitambaa, kisha upake mafuta ya gia, yale mazito ya 90, matone machache upande wa ndani, huku unazungusha gurudumu kwa mkono na enjini imezimwa. Kidole kilichonaswa kati ya cheni na meno hakirudi. Fanya kazi hiyo jioni, mafuta yapate usiku mzima wa kuingia kwenye viungo, na asubuhi ufute yaliyobaki nje, maana ndiyo yanayoita vumbi.

Halafu ulegevu. Sukuma cheni kwa kidole katikati ya upande wa chini: icheze juu na chini milimita 20 hadi 30, upana wa vidole viwili hivi. Zungusha gurudumu na upime mahali pengine, kwa sababu cheni haivutiki sawa kote, na kipimo kichukuliwe mahali ilipokaza zaidi. Vijana wengi huikaza mpaka haichezi wakidhani ndiyo usalama. Abiria wawili wakikaa, gurudumu la nyuma linapanda, cheni inavutika zaidi, na hapo ama inakatika au inakula beringi ya gia. Ukirekebisha, hesabu alama za kulia na kushoto ziwe sawa, la sivyo gurudumu litakaa upande na tairi litaliwa.

Kuna kitu kidogo kwenye cheni ambacho nataka kila mwenye pikipiki akakitazame leo. Kiungo kinachofunga cheni kina klipu nyembamba, kama samaki mdogo mwenye mkia uliopasuka. Upande uliofungwa, kichwa, lazima utangulie kule cheni inakokwenda, na mkia uliopasuka ufuate nyuma. Klipu ikiwekwa kinyume, siku jiwe au kijiti kitakapoigonga itachomoka, cheni itafunguka kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa na inaweza kujisokota kwenye gurudumu la nyuma. Kuitazama hakuhitaji spana hata moja. Na cheni ikichakaa, badilisha kiti chote, yaani cheni pamoja na sproketi ya mbele na ya nyuma. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka inakwisha upesi kama ile ya zamani.

Breki ninazitazama kila Jumamosi. Nyingi za nyuma ni za ngoma, na pale mkono wa breki unapoingia kwenye ngoma kuna mshale mdogo. Kanyaga breki, mshale ukifika mwisho wa alama, viatu vya breki vimekwisha, hata kama bado inashika. Pedali iwe na mchezo wa sentimita mbili hadi tatu kabla ya kushika, na ukiachia gurudumu lizunguke bure. Ukifungua ngoma, futa vumbi lake kwa kitambaa chenye maji na usilipulize. Taa ya breki iwake kwa mkono na kwa mguu. Tairi lipimwe upepo likiwa limepoa, kwa namba zilizoandikwa kwenye pikipiki au kitabu chake, na namba ya mwenye abiria ni kubwa kuliko ya anayekwenda peke yake. Mfanye kwado, mziba pancha wa mtaani kwako, awe rafiki. Akiziba pancha, mwombe apitishe kitambaa ndani ya tairi kabla ya kurudisha shambrera, yaani tyubu, kwa sababu msumari ulioitoboa mara nyingi bado umo.

Esansi ina mambo yake. Vituo vinapokauka, sote tunajua tunakwenda kwa kadhafi, wauza esansi wa barabarani, kwenye bidoni na chupa. Sina ugomvi nao, wanatusaidia siku za shida. Lakini usitie tanki bila kutazama. Mimina kidogo kwenye chupa safi ya kioo, isimame dakika kadhaa. Maji ni mazito kuliko esansi, yatakaa chini na utaona mpaka wake wazi. Harufu nzito ya mafuta taa nayo inatosha kukukatalia. Na pikipiki ikianza kukohoa baada ya mvua, kabureta nyingi zina skrubu chini ya bakuli lake ya kutolea uchafu. Funga bomba la esansi, weka kikombe, ilegeze, maji na tope vitoke, ikaze. Ni kazi ya dakika tano, na nimeona madereva wakisukuma pikipiki kutoka Ruashi kwa ajili ya kijiko kimoja cha maji.

Sisemi mafundi wakose kazi. Kupima nafasi ya valvu, kufungua klachi, kunyoosha rimu, umeme unaokula betri, hayo ni yao, na wanastahili kulipwa vizuri. Ila mwenye pikipiki anayejua mafuta, kichujio, cheni na breki anafika kwa fundi mapema, tatizo likiwa bado dogo, na hadanganyiki.

Sasa nirudi kwenye versement, kwa sababu haya yote nimewahi kuwaeleza wenzangu wenye pikipiki na jibu ni lile lile: hiyo ni kazi ya dereva. Ukimuuliza dereva, anasema ni kazi ya tajiri. Kuhubiri adabu hakutatusaidia, mapatano ndiyo yanayohitaji kubadilika. Tanzania, bodaboda wengi huendesha kwa namna mbili. Kuna hesabu, ambayo ni sawa na versement yetu, na kuna mkataba, ambapo kijana analipa kwa muda uliokubaliwa na mwisho pikipiki inakuwa yake. Yule wa mkataba anaiosha mwenyewe jioni. Anakataa kubeba abiria watatu. Sababu ni wazi, anatunza kitu ambacho kesho ni chake. Najua mkataba unamtaka tajiri awe na subira na karatasi iliyoandikwa vizuri, na si kila mtu atauweza. Lakini hata aliyebaki kwenye versement anaweza kuhamisha mzigo mahali pake.

Kwangu imekaa hivi. Mafuta ya enjini, kichujio, plagi, cheni na viatu vya breki ni juu yangu, navinunua mwenyewe na naviweka ndani. Pancha na taa zilizovunjwa kwa uzembe ni juu ya dereva. Jumamosi alasiri pikipiki zote mbili zinakuja uani saa tisa, na siku hiyo versement ni nusu. Tunafanya kazi pamoja, mimi nikiwa nimefunga kitenge na kushika tochi au spana, wao wakiwa chini. Daftari linaandikwa pale pale: tarehe, kilomita, kilichofanyika, kilichosikika. Neno la mwisho hilo ndilo la thamani zaidi. Kijana akisema, "Mama, moto iko nakosa nguvu pa kupanda," inaandikwa, na haitajwi tena wakati wa kuhesabu hela.

Wenzangu wananiambia nimewazoeza vibaya, kwamba nusu versement kila Jumamosi ni hela nyingi ikijumlishwa kwa mwaka. Nimefundisha hesabu, basi tuijumlishe. Upande mmoja weka hizo nusu. Upande wa pili weka silinda, pistoni na ringi mpya, kazi ya fundi, na siku zote ambazo pikipiki imelala karakana bila kuleta hata franki moja huku kijana naye akikosa chakula. Kisha ongeza kile ambacho siwezi kukitia kwenye hesabu, yule abiria mwenye mtoto mgongoni anayeshuka mteremko kwenye mvua juu ya breki ambayo mshale wake ulifika mwisho tangu mwezi uliopita. Mwanamke huyo hajui mapatano yetu. Amelipa nauli na kupanda.

Na kwa kina mama wenzangu wenye pikipiki, ambao tuko wengi kuliko watu wanavyofikiri: msiambiwe kwamba spana ni ya wanaume. Mafundi wengi watawaeleza kwa furaha mkiuliza, na mabinti zenu wakiwa pale wajifunze. Wa kwangu ana miaka 14 na ndiye anayeandika daftari. Anajua kilomita za kila pikipiki kuliko madereva.

Mvua za kwanza huja kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Kabla hazijafika, kila pikipiki ya Karavia ipate mambo haya: kichujio kifunguliwe na vumbi lote la kiangazi litoke, nyaya za klachi na za breki zitiwe mafuta ili zisishike kutu, viatu vya breki vya nyuma vitazamwe, tairi lililokwisha meno libadilishwe, tope kavu litolewe chini ya madigadi, na klipu ya cheni ikaguliwe upande ilikogeukia. Ni alasiri moja ya Jumamosi. Anzeni saa tisa, mtamaliza mapema kabla ya giza.